Kutunza Wimbo, Kutunza Utamaduni: Tuzo na Fumbo katika Taarabu ya Ngamiani

Ikisiri

Uhakiki wa taarabu katika Kiswahili umeegemea zaidi matini za nyimbo. Makala hii inadai kwamba kwa taarabu ya Tanga, hususan ile iliyokulia Ngamiani, matini ni sehemu tu ya utungo. Sehemu iliyobaki hukamilishwa na msikilizaji anayeinuka kutunza. Kwa kulichunguza tendo hilo, tunaihoji fasili inayouona utamaduni kama orodha ya mila na desturi zinazorithiwa, na tunapendekeza utazamwe kama ujuzi wa kujibizana ambao watu hujifunza, huutumia, na wakati mwingine huumizwa nao.

Kitenzi chenye maana mbili

Msemaji wa Kiswahili wa leo anapotukumbusha kwamba ni wajibu wetu kutunza utamaduni, humaanisha kuuhifadhi: usipotee, usichafuke, uwafikie wajukuu kama ulivyotoka kwa mababu. Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania kitenzi hichohicho kina kazi nyingine, na ndani ya ukumbi wa taarabu ndiyo kazi yake ya kwanza. Kutunza ni kuinuka kitini, kwenda mbele kwa madaha huku noti imeinuliwa ionekane, na kumpa mwimbaji. (Wengine husema kutuza, Tanga kutunza ndiko kulikozoeleka, na mhakiki hana budi kuchunga asimchanganye mtunzaji huyu na mtunzi, ambaye nasaba yake ni kutunga.) Katika maana ya kwanza mtu hulinda kitu kisibadilike. Katika maana ya pili hukiingilia kati na kukipa maana ambayo hakikuwa nayo dakika moja kabla.

Tunaanza na kitenzi hiki kwa sababu mjadala wetu kuhusu utamaduni umeielemea mno maana ya kwanza. Fasili iliyoenea katika vitabu vya shule na katika lugha ya sera ni ya orodha: utamaduni ni jumla ya mila, desturi, imani, sanaa, mavazi, vyakula na maadili ya jamii fulani. Hakuna kilicho kosa katika orodha hiyo. Tatizo ni kwamba haituelezi mtu hufanya nini na vitu hivyo, wala ni kwa njia gani vinayaelekeza maisha yake. Nayo fasihi, ikishatazamwa kwa fasili hiyo, hubakia kuwa kioo. Mhakiki hutazama ndani yake na kuhesabu: hapa pana mahari, hapa pana uganga, hapa pana ukewenza.

Neno lenyewe lingetosha kututahadharisha. Utamaduni limetokana na Kiarabu tamaddun, lenye nasaba moja na madina, yaani mji. Kwa asili yake, basi, halizungumzii urithi wa ukoo. Lazungumzia namna ya kuishi ya watu waliokutana mjini. Mtoro bin Mwinyi Bakari alipoandika juu ya maisha ya watu wa Bagamoyo, katika kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, neno lililowekwa jaladani lilikuwa desturi. Tofauti kati ya maneno haya mawili imefifia katika Kiswahili cha leo. Ngamiani ni mahali pazuri pa kuirudishia uzito wake.

Mtaa wa waliofika

Reli kutoka Tanga kwenda bara ilianza kujengwa mwaka 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya kwanza ya mkonge katika koloni la Wajerumani. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoifanya Ngamiani. Upande wa bandarini palikuwa pa Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi. Ng'ambo ya reli mtaa wa Waafrika ulipangwa kwa mistari iliyonyooka, na barabara zake hadi leo huitwa kwa nambari: ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Humo walikutana Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua na Wasambaa wa mkoa wenyewe, na pamoja nao Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengineo walioletwa na mkonge au waliokimbia mkonge. Mtoto wa mtaa kama huu akiambiwa autunze utamaduni wa mababu zake, ana haki ya kuuliza: wa babu yupi?

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, ni mfano ulio wazi. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyao. Mwenyewe alijitambulisha kuwa Mswahili, na lugha aliyoiita titi la mama katika ushairi wake ilikuwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kumwona kuwa Mswahili wa bandia.

Mji wa pwani ulikuwa na njia zake za kumpokea mgeni, na njia kuu mojawapo ilikuwa ngoma. Glassman (1995), akiandika kuhusu Pangani ya kabla ya vita vya Abushiri vya 1888, ameonyesha jinsi karamu na ngoma za mashindano zilivyokuwa uwanja ambamo watu waliohesabiwa kuwa washenzi au wageni walidai nafasi yao mjini. Ranger (1975) ameeleza habari kama hiyo kuhusu beni na makundi yake ya Marini na Arinoti. Mtu hakuzaliwa Marini. Alijiunga, akajifunza hatua, akatoa mchango, na kundi la pili lilipoimba dhidi yake alipaswa kujua la kujibu. Hata viwanja vya mikutano mjini Tanga huitwa Tangamano, jina ambalo hatungependa kulitia maana kuliko linavyostahili, lakini lina ukweli wake.

Taarabu iliingia katika mkondo huohuo wa vyama na mashindano. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivyovuma kutoka Tanga katika miaka ya 1960 na 1970 vilikuwa vidogo vikilinganishwa na okestra kubwa za Unguja. Vilitumia gitaa la umeme na besi, na mdundo uliochezeka. Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vyote viwili kabla ya sauti yake kuzoeleka nchi nzima. Wataalamu wa muziki wameshayaeleza mabadiliko hayo ya ala, nasi hatutayarudia. Linalotuhusu ni lile linalotendeka mbele ya jukwaa.

Nafasi tupu katika wimbo

Tuuangalie utaratibu wenyewe. Harusini, wimbo unapoanza, ukumbi haujui bado unamhusu nani. Mtunzi ameandika juu ya jirani mwenye choyo, au mpenzi aliyevunja ahadi, au mke mwenza ajionaye. Anayesemwa ni “wewe” asiye na jina. Ubeti wa kwanza hupita. Kwenye kiitikio, au kwenye mshororo fulani wa ubeti wa pili, mwanamke huinuka. Haendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Hupita katikati ya viti, husita mahali fulani, hugeuza shingo, huipunga noti kuelekea upande mmoja kwa namna ambayo mgeni angedhani ni mtindo tu wa kucheza. Kisha humpa mwimbaji, na mwimbaji mzoefu huurudia mshororo uleule. Sasa ukumbi unajua.

Ni nani aliyesema? Mtunzi pengine hayupo, na kama yupo hajui habari za ugomvi wa barabara hiyo. Mwimbaji ametoa sauti, lakini ameimba yaleyale aliyoyaimba juma lililopita katika harusi nyingine. Mtunzaji hakufungua kinywa. Kauli imetoka, imemfika aliyelengwa, imeshuhudiwa na watu mia, na haina mwenyewe. Aliyelengwa akisimama kulalamika, atakuwa amekiri kwamba yale yaliyoimbwa ni yake. Aliye mjuzi hukaa kimya, hucheka na wenzake, na husubiri wimbo mwingine ambao ubeti wake mmoja utamfaa. Hapo naye huinuka.

Ikumbukwe kwamba tuzo nyingi hazina ugomvi wowote. Watu hutunza kwa sababu sauti imewapendeza, kwa heshima ya bibi harusi, kwa kuwa shangazi ndiye mwenye shughuli, au kwa sababu tu wimbo umewakumbusha jambo. Tuzo hizi za kawaida ndizo zinazoifanya ile tuzo moja iwezekane. Kama kila anayeinuka angekuwa anagombana, fumbo lingekufa, maana pasingekuwa na pa kujificha.

Hapa ndipo uhakiki wa matini unapopata shida. Kazi za kukusanya na kuchambua tungo za taarabu, kuanzia ile ya Khatib (1992) kuhusu Zanzibar, zimetufaa sana, na Khamis (2001) amefuatilia kwa makini athari za ndani na za nje zilizoubadili utanzu huu. Lakini mhakiki anayesoma nyimbo katika karatasi hufika mapema kwenye lawama moja: taswira zimechakaa. Ua na nyuki, chombo na tufani, ndege aliyeruka tunduni, tunda lililoliwa na mwingine. Mtunzi wa leo hurudia ya mtunzi wa jana. Kwa kipimo cha ushairi wa kusomwa lawama hiyo ina haki. Kwa kipimo cha ukumbi tunadhani imekosea, kwa sababu wimbo wa taarabu lazima uweze kuazimwa. Taswira mpya kabisa, iliyoota katika maisha ya mtu mmoja, ingekuwa na mwenyewe tayari, na mwanamke wa barabara ya kumi asingeweza kuichukua na kuifanya yake kwa noti moja. Uchakavu wa taswira ni sehemu ya ufundi: neno lililoshikwa na mikono mingi haliachi alama ya kidole. Ndivyo ilivyo kwa ule “wewe” usio na jina, na kwa mazoea ya kutaja kosa bila kutaja mahali wala siku. Mtunzi hodari wa Tanga huacha nafasi tupu katikati ya wimbo na huijenga pande zote ili yeyote atakayeingia humo akae sawasawa.

Tukikubali hivyo, tunapata pia njia bora ya kuujadili mpasho kuliko ile ya kulalamikia matusi. Katika miaka ya 1990, ushindani wa Tanzania One Theatre, kikundi kilichoanzishwa na Chama cha Mapinduzi mwaka 1992, na Muungano, ulizileta mbele ya umati nyimbo zilizoeleweka na kila mtu kuwa ni za Khadija Kopa kwa Nasma Khamis, au za Nasma kwa Khadija. Wengi waliona kwamba lugha imekosa adabu. Kwa maoni yetu hasara iliyotokea ilikuwa nyingine: ile nafasi tupu ilikuwa imejazwa kabla ya msikilizaji kufika. Watu waliendelea kutunza, na kwa wingi, lakini sasa walitunza kama mashabiki wa upande mmoja katika ugomvi wa watu wengine.

Gharama ya fumbo

Mtafiti aliyeliandikia jambo hili kwa kina zaidi ni Kelly Askew (2002), ambaye utafiti wake ulifanyika kwa sehemu kubwa Tanga. Hoja yake kwamba kutunza ni mazungumzo, na kwamba wanawake hulitumia jukwaa kusuluhisha au kuchochea mambo yao hadharani, ndiyo inayoibeba makala hii. Askew anaipanua hoja hiyo hadi kwenye taifa lenyewe, ambalo kwake nalo ni tendo linalofanywa na wengi na linaloweza kupingwa na watazamaji. Tunatofautiana naye katika mkazo. Msomaji wa kitabu chake huondoka akiwa amevutiwa na uwezo wa mwanamke anayeinuka. Yule aliyebaki kitini haonekani sana.

Tunaloliona sisi ni hili. Kwanza noti ni pesa. Asiyekuwa nayo hana kauli ukumbini, hata kama haki ni yake. Anayeweza kutunza mara tatu katika usiku mmoja ana beti tatu. Mwuza vitumbua aliyekuja na nauli ya kurudia nyumbani hana hata mmoja. Kisha, ni lazima kuuliza kwa nini mwanamke huyu azungumze kwa wimbo wa kuazima. Kanuni ya heshima inayomkataza kugombana kwa maneno ni ya zamani, na fasihi yetu imeichunga. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert ni wasia wa mzazi kwa binti, na kauli ya mwanamke ina nafasi kubwa katika mafunzo yake. Fumbo la taarabu limemea chini ya kivuli cha kanuni hiyo. Humpa mwanamke njia ya kupita, na papo hapo huuacha ukuta pale ulipo. Naam, huuhitaji ukuta uwepo, kwani pasipo katazo noti isingekuwa na la kusema.

Nini humpata aliyelengwa akishindwa kujibu? Huacha kwenda harusini. Kwa mtu wa mbali hilo laweza kuonekana dogo. Ngamiani harusi ni mahali pa kutolea mchango na kuandikwa kuwa umetoa, ili siku ya shughuli yako nawe utolewe. Ndipo wanapoonana wanawake wa upatu mmoja, na ndipo habari za msiba, uchumba na kazi zinapopitia. Anayejitenga na shughuli za wenzake, misiba yake huja kuzikwa na wachache. Utamaduni unapoyagusa maisha ya mtu, mara nyingi hugusa hivi, kupitia nani atakaa naye jamvi moja, na haumo katika orodha yoyote ya mila.

Jibu lililohifadhiwa bila ukumbi

Wasifu wa Siti binti Saad, aliouandika Shaaban Robert na kutoka mwaka 1958, una tukio linalojulikana na kila mwanafunzi wa fasihi. Siti alipovuma, mahasimu walimwimbia wakimdhihaki kwa sura yake, naye akajibu kwa wimbo uliohamisha kipimo kutoka katika uzuri na kukiweka katika akili na tabia. Uhakiki wa kawaida hulisoma tukio hili kama somo la maadili, na mwandishi mwenyewe ametuongoza huko. Siti wa kitabuni ni kielelezo cha mwanamke wa hali ya chini aliyejitukuza kwa jitihada.

Tungependa kulisoma upya, kwa macho ya mtu wa Tanga ambaye Shaaban Robert mwenyewe alikuwa. Jibu la Siti lilikuwa zuri kwa sababu lilitolewa ndani ya mchezo ambao wote waliujua. Aliimbiwa, hakulia wala hakushitaki, alingoja zamu yake. Na alipojibu, lazima walikuwepo waliocheka, walioinamisha vichwa, na walioinuka kutunza ambao siku iliyotangulia walikuwa upande wa mahasimu. Kitabu kimetuhifadhia maneno, kikatutunzia kwa ile maana ya kwanza, na tunakishukuru. Waliokuwa ukumbini hawakuingia kurasani, na kwa kuwa hawamo, jibu limegeuka kuwa methali. Mwandishi alikuwa na shabaha yake, nayo ilikuwa ya kuheshimika: kumpatia mwanamke huyu mahali katika maandishi ambayo hadi wakati huo yalikuwa ya wanaume. Hata hivyo ni sisi wahakiki tuliopaswa kuuliza kilichoachwa nje, na kwa miaka mingi hatukuuliza.

Utamaduni wa taifa ulifanya uteuzi wa namna hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Hotuba ya Rais Nyerere ya Desemba 1962, iliyotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ilisikitikia Waafrika walioweza kucheza rumba na cha-cha-cha lakini hawakuwahi hata kuisikia gombe sugu. Uchungu wake ulikuwa wa haki. Lakini kipimo kilichowekwa kilikuwa cha asili, na kwa kipimo cha asili taarabu, yenye ala za Kimisri, magitaa na mashairi ya Kiswahili, haikuwa na pa kusimama. Ilichukua miaka mingi kabla ya kukubaliwa kwenye majukwaa ya serikali. Ngamiani haikungoja kukubaliwa. Kule swali halikuwa la muziki umetoka wapi, bali la nani anajua kuutumia.

Leo harusi hupigwa video, na simu ziko juu wimbo mzima. Mtunzaji aliyekuwa na ulinzi wa ukumbi, wa kusema kwamba alisita pale kwa sababu ya viatu, sasa ana picha inayoonyesha alisita kwa muda gani na shingo yake ilielekea wapi. Picha hiyo hutazamwa na watu wasiokuwepo, hata na ndugu walioko Muscat, ambao hawakuona tuzo nyingine ishirini za usiku ule zisizo na neno. Baadhi ya wanawake wameshaanza kubadili mtindo: hutunza mapema, kwenye ubeti usiowahusu, ili ile ya pili isionekane peke yake.

Mtafiti anayekusanya taarabu ya Tanga anapaswa kuandika pambizoni mwa kila ubeti ni wapi watu waliinuka, wangapi, na kama mwimbaji alirudia. Atakapomfuata mwanamke mmoja kesho yake, barazani, kumwuliza alikuwa akimkusudia nani, atajibiwa kwamba wimbo ulimpendeza tu. Jibu hilo nalo liandikwe kama lilivyotolewa, bila maelezo ya mtafiti chini yake.